Kitulizo Sebuleni

1

Kitambaa cha picha, runinga ya kubandika ukutani, kilikuja kimeviringishwa kama mkeka, na fundi Sekela Mwambene alikishusha garini mwenyewe kwa sababu hakupenda mtu mwingine akishike. Kikipata mkunjo mmoja tu, mkunjo huo huacha mstari, na mwenye nyumba atautazama mstari huo kila anapokaa kuangalia taarifa ya habari. Alikiegemeza barazani, akakung'uta matope ya Tukuyu kwenye viatu, kisha akabisha hodi.

Mama Subilaga alimfungulia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, amevaa kitenge kipya kana kwamba anakwenda kanisani, na macho yake yalikuwa bado mekundu kidogo kutokana na upasuaji wa mtoto wa jicho. Sekela alimwamkia, naye akaitikia marahaba, akamshika mkono na kumwingiza sebuleni bila hata kumwuliza kitambulisho. Picha ya harusi yake alikuwa ameshaitoa ukutani na kuilaza juu ya meza ya chakula. Ukuta ule sasa ni wako, alimwambia Sekela, fanya unavyojua, ila saa nne nataka niwe nimekaa nimetulia.

Sababu ya saa nne ilijulikana na mtaa mzima. Binti yake mdogo, Lugano, mhandisi wa mvua, alikuwa atoe tena ushahidi siku hiyo mbele ya tume ya uchunguzi. Mitambo yake ndiyo iliyoleta mvua katika bonde la Msolwe wakati wa ukame, na mvua ile ilipitiliza, mto ukatoka njia yake ukaingia majumbani. Tume ilikuwa ikirushwa moja kwa moja nchi nzima. Kwa miezi yote ya uchunguzi Mama Subilaga alikuwa na ukungu machoni, hata redio alikatazwa na daktari kwa ajili ya moyo wake. Sasa macho yalikuwa yamefunguka, na kitu cha kwanza alichotaka kukiona vizuri kilikuwa uso wa mwanawe.

Mwanawe mkubwa, Ambakisye, ndiye aliyenunua kitambaa hicho na spika zake. Alikuwa mkaguzi wa barabara anayeishi Mbeya na mke na watoto wake, mtu mpole, mnene, anayeongea kwa sauti ya chini. Alifika asubuhi hiyo hiyo, akamsaidia Sekela kusogeza makochi.

Kazi yenyewe Sekela aliipenda. Aligusa ukuta kwa kiganja kutafuta unyevu, maana katika nchi ile ya mvua kuta hutoka jasho hata kiangazi, na kitambaa hakishiki penye maji. Alipaka gundi, akakishusha kitambaa taratibu kutoka juu, akakipiga brashi kutoka katikati kwenda pembeni mpaka viputo vyote vikatoka. Kilipokauka kilifanana na ukuta mwingine wowote uliopakwa rangi ya maziwa. Alimwomba Mama Subilaga akae mahali anapokaa siku zote, akapima usawa wa masikio yake, akapachika spika mbili mbele na mbili nyuma kwa usawa huo. Sabufa aliiweka kwanza kwenye kona ya kabati la vyombo. Alipoijaribu, vikombe vyote vikaanza kutetemeka na kugongana, na mama akacheka mpaka akashika kifua. Sekela akaihamishia upande wa dirisha na kuiwekea kipande cha zulia chini.

Mwisho aliwasha king'amuzi na kukiacha kisikilize chumba. Kilitoa mlio mmoja mrefu uliopanda kutoka chini kwenda juu, kikasikiliza mlio huo unavyorudi kutoka kwenye kuta, mapazia, makochi na bati la paa. Kwa njia hiyo kilijifunza sebule ile ilivyo, ili hata mvua ikipiga bati, maneno yasipotee.

2

King'amuzi kilipokuwa kinajifunza, Ambakisye alimwita Sekela nje, nyuma ya jiko, karibu na migomba. Alimwomba aweke kitulizo, na mama asiambiwe.

Kitulizo, programu ya ndani ya king'amuzi, kilianza kama huruma. Hapo mwanzo kilififisha damu tu kwenye picha za ajali, ili wagonjwa wa moyo wasishtuke. Baadaye kikafundishwa kupunguza milio ya risasi na vilio vya watu. Kisha ikafika wakati mashine zikaweza kutengeneza picha na sauti papo hapo, na kuanzia hapo kitulizo hakikuwa tena na haja ya kufuta. Kiliweka kitu kingine mahali pa kile kilichoondolewa, na pengo halikuonekana. Mtangazaji aliyeanza kulia alionekana anakohoa na kuomba radhi. Nyumba iliyoungua ilikuwa nyumba iliyofungwa kwa matengenezo. Nyumba nyingi za mjini zilikuwa nacho, na watu wake walilala vizuri.

Sekela hakukidharau. Alishawahi kumwekea mwanajeshi mmoja mstaafu kule Kyela, mtu aliyekuwa akijitupa chini ya meza kila fataki zikisikika uwanjani. Baada ya hapo mzee yule aliangalia mpira na wajukuu wake kama mtu mwingine yeyote. Lakini mzee yule aliomba mwenyewe.

Sheria ilimruhusu Ambakisye. Ilitaka mtazamaji aridhie mwenyewe, au mlezi wake wa kisheria aridhie kwa niaba yake, na Ambakisye alikuwa mlezi wa mama yake tangu mama alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo. Kanuni ya kampuni iliongeza jambo moja: fundi hamwambii mtazamaji ikiwa mlezi hataki aambiwe. Fundi aliyevunja kanuni hiyo alinyang'anywa kibali.

Sekela alimwuliza kwa nini asimwambie tu mama yake. Ambakisye alichuma kipande cha jani la mgomba na kuanza kukichana chana. Alisimulia kwamba baba yao alifia kwenye kochi lile lile la sebuleni. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mtoto wa kaka yake, aliyemlea kama wake, alikuwa ndani, na mzee alikuwa anaangalia waokoaji wakitoa miili, mmoja baada ya mwingine. Mtoto yule alipotolewa, mzee alisema jina lake, akainama mbele, hakuinuka tena. Ambakisye ndiye aliyekuwa amekaa naye.

"Daktari amesema mshtuko mmoja mkubwa unatosha," alisema. "Sitaki kukaa tena pale, dada, nikaangalia mtu wa pili."

Mama yake Sekela mwenyewe alikuwa hai, anauza maparachichi pale mjini sokoni, na Sekela hakuweza kusema kwa hakika kwamba angefanya tofauti. Alirudi ndani, akaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, akaweka kitulizo. Ilikuwa kazi fupi kuliko kupaka gundi ukutani.

3

Saa nne ilipofika Ambakisye alikuwa nje barazani anaongea na simu ya kazini. Mama Subilaga alikaa kwenye kochi lake, mikono magotini. Sekela alisimama nyuma yake na rimoti, kwa kuwa ilikuwa desturi yake kukaa na mteja mpaka kipindi cha kwanza.

Ukuta ukafunguka kama dirisha. Ukumbi wa tume ulionekana, mbao zake zinang'aa, na katikati, nyuma ya meza yenye glasi ya maji, alikuwepo Lugano. Mama Subilaga aliinua mkono mmoja kidogo, kama mtu anayetaka kupunga halafu akakumbuka.

Lugano alikuwa amevaa gauni la samawati. Alitabasamu. Mwenyekiti alimwuliza kuhusu mawingu, naye alieleza kwa ufasaha jinsi mitambo inavyopandisha unyevu na jinsi mvua inavyoshuka, akaeleza kwamba palitokea hitilafu na kwamba wahusika wote wamejifunza mengi. Mwenyekiti alimshukuru. Lugano akaendelea, sauti yake laini, sentensi ikifuata sentensi. Spika zilifanya kazi vizuri mno. Ilikuwa kana kwamba Lugano amekaa hapo mbele ya kabati la vyombo.

Mama Subilaga alisikiliza bila kusogea. Baada ya muda alimwomba Sekela aongeze sauti kidogo. Halafu aongeze tena. Aliinamisha kichwa na kufumba macho, macho yale yale aliyoyasubiri miezi yote.

"Hapumui," alisema.

Sekela alimwuliza nani.

"Huyu anayeongea. Hapumui."

Akaeleza bila kufumbua macho. Alifundisha kwaya tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipomkataza kusimama, na kazi ya mwalimu wa kwaya, alisema, ni kusikia mahali watu wanapovuta pumzi. Lugano aliimba sauti ya pili. Alikuwa na pumu utotoni, na kabla ya neno gumu alivuta pumzi mara mbili, fupi halafu ndefu. Walijaribu kumwachisha, ikashindikana. Huyu wa ukutani alikuwa ameongea maneno mengi magumu, hakuvuta hata moja.

Kisha akafumbua macho, akageuka, akamtazama Sekela usoni.

"Mwanangu, mashine hii inanionyesha kilichopo?"

Sekela alisikia sauti ya Ambakisye huko barazani, akimwelekeza mtu kuhusu kalavati lililobomoka. Alifikiria kibali chake, alichokipata baada ya kusoma jioni kwa miaka. Alifikiria pia moyo wa mwanamke huyu, ambao ulikuwa dhaifu kweli, na hakuna mtu aliyekuwa amedanganya kuhusu hilo. Angeweza kusema kwamba mtambo mpya huchukua siku chache kuzoea. Mafundi walifundishwa kusema hivyo.

"Hapana, Mama," alisema. "Haikuonyeshi."

Mama Subilaga aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Hakuuliza ni nani aliyeagiza. Alimwomba Sekela azime sauti, halafu akamwite Ambakisye.

4

Mazungumzo yale hayakuwa na kelele. Ambakisye alipoingia na kumwona mama yake amekaa mbele ya ukuta ulio kimya, alielewa mara moja, akamtazama Sekela kwa namna ambayo Sekela aliikumbuka muda mrefu. Alisema alifanya hivyo kwa sababu anampenda. Mama alimwambia analijua hilo. Ambakisye alisema daktari ameonya. Mama alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwepo daktari alipoonya. Ndipo Ambakisye akamtaja baba, na kochi lile.

Mama Subilaga alimwashiria akae karibu naye, akaushika mkono wake mnene kwa mikono yake miwili.

"Baba yako alikufa anajua mtoto wake yuko wapi," alisema. "Mimi unataka nife namwangalia mtu ambaye si mwanangu, nikidhani ndiye."

Aliuminya mkono ule, kisha akaendelea.

"Ulezi ni wako, sikatai. Sahihi ni yako. Lakini anayeulizwa maswali pale ni mtoto niliyemzaa, na kama ana aibu, mimi ndiye ninayepaswa kuiona."

Walikubaliana hivi: dawa yake ya kuweka chini ya ulimi iwe kiganjani, Ambakisye akae ubavuni kwake, na Sekela akae na rimoti mkononi ili azime mara moja mama akisema. Ambakisye alisema basi Sekela akitoe kitulizo chote, na akasema kwa uchovu kwamba yeye mwenyewe anayajua yaliyotokea, hayawezi kumshangaza.

Sekela akaingia tena kwenye mipangilio. Kitulizo kikatoka kwa urahisi ule ule kilivyoingia.

Wakati huo mvua ilianza kupiga bati, mvua ya kawaida ya Tukuyu isiyoletwa na mtambo wa mtu. King'amuzi kiliisikia, kikapandisha maneno juu yake.

Gauni lilikuwa lile lile la samawati. Mengine yote yalikuwa tofauti. Lugano alikuwa amekonda, nywele amezifunga kwa kitambaa cheusi, na glasi ya maji mbele yake ilikuwa tupu. Ukumbi haukuwa na utulivu. Nyuma yake walikaa watu waliovaa nguo za msiba, na kulikuwa na mtoto aliyekuwa akilia na kubembelezwa. Mwenyekiti hakuwa akishukuru. Alimwuliza kama aliona vipimo vya mto kabla ya usiku kuingia.

Lugano alivuta pumzi fupi, halafu ndefu.

"Niliona mto umepanda," alisema. "Mitambo ningeweza kuizima mwenyewe, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Sikuizima. Mashamba ya chini yalikuwa hayajapata maji, na nilidhani wingu litahamia huko. Nilidhani nina muda."

Mwenyekiti akasema, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba kufikia asubuhi watu mia mbili thelathini na wanane walikuwa wamekufa.

Sekela alikuwa akimwangalia Mama Subilaga. Aliona mkono wake unakwenda kifuani, unabaki hapo. Kidole cha Sekela kilikuwa tayari juu ya rimoti. Lakini mama hakusema zima. Aliyesema alikuwa Ambakisye.

"Wamesema wangapi?"

Mama yake alimrudia idadi ile.

"Ni kumi na mmoja," alisema Ambakisye. Alimgeukia Sekela. "Walikufa kumi na mmoja. Nimeangalia taarifa kila siku. Mtambo wako una makosa."

Sekela aliijua idadi ya kweli tangu wiki ya mafuriko, kwa sababu nyumbani kwake hakuwa na kitu zaidi ya redio ndogo ya mamake. Alimwuliza taratibu kama kule Mbeya, nyumbani kwake, ana kitulizo.

Ambakisye alisema anacho, ndiyo, aliweka mwaka ule baba yao alipofariki, kiwango cha familia, kwa ajili ya watoto. Kinaondoa damu tu. Fundi aliyekiweka alimwambia kinaondoa damu.

Zamani kilikuwa kinaondoa damu, Sekela alimweleza. Baadaye madaktari walisema hata namba humshtua mtu, hasa ikiwa inahusu watu wake. Kwa hiyo kikafundishwa kupunguza namba. Kilisasishwa chenyewe, usiku mmoja, katika nyumba zote, na tangazo lake lilikuwa refu, si watu wengi waliolisoma.

Kazini hakuna aliyemtajia Ambakisye habari za Msolwe, kwa kumstahi, kwa kuwa walijua ni mdogo wake. Nyumbani, mke na watoto waliona alichokiona yeye. Alikaa akitazama ukuta, na Sekela aliona akili yake inarudi nyuma, inapita siku moja moja, inasimama mahali.

"Alinipigia simu," alisema mwishowe. Aliongea na mama yake, si na Sekela. "Wiki ile ya kwanza. Alikuwa analia. Nikamwambia asijisumbue hivyo. Nikamwambia, Lugano, ni watu kumi na mmoja tu. Hajapokea simu yangu tangu siku ile. Nikadhani ni kiburi."

Aliteremka kochini akakaa chini kwenye zulia, mgongo akiuegemeza kwenye magoti ya mama yake, mtu mzima mwenye mvi. Mama Subilaga aliweka dawa chini ya ulimi wake mwenyewe, na mkono mwingine akauweka juu ya kichwa cha mwanawe. Sekela alimnyooshea rimoti kwa ishara, kuuliza. Mama alitikisa kichwa kukataa. Wakasikiliza mpaka tume ilipopumzika kwa chakula cha mchana.

5

Lugano alipiga simu wakati wa mapumziko hayo. Simu ilikuwa juu ya meza, karibu na picha ya harusi, na mama akaiweka kwa sauti ya wote kwa sababu mikono yake ilikuwa haishiki vizuri.

Lugano alisalimia, akauliza kama mvua imenyesha huko, akauliza kama fundi amemaliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maneno aliyoyapanga. Baadaye alimweleza mama yake kwamba ndugu na marafiki wengi walikuwa wakimpigia simu baada ya kila kikao, wakimwambia amependeza, ameongea vizuri, mambo yataisha. Alikuwa ameacha kuwajibu. Siku ile alitarajia mama naye atamwambia amependeza.

"Nimekuona," alisema Mama Subilaga. "Umekonda sana. Na hawajakuongezea maji."

"Nimesikia ulivyosema kuhusu mto," mama aliendelea. "Kwamba ulikuwa na uwezo wa kuzima."

"Umesikia yote, Mama?"

"Yote. Na idadi nimeisikia."

Walisikia watu wakipita karibu na Lugano, viti vikiburutwa. Aliposema, sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini, haina mpango wowote.

"Na bado umepokea simu yangu."

"Wakimaliza kukuhoji, njoo nyumbani," alisema mama yake. "Wasipokuachia, nitakuja mimi huko watakakokuweka. Macho sasa ninayo."

Lugano akalia. Hakuzuia, na mama hakumnyamazisha. Sekela alitoka akaenda kukusanya zana zake barazani, maana mambo yale hayakumhusu, lakini kupitia mlango alimsikia Ambakisye akiinuka, akiiomba simu, na akianza kwa kutamka jina la mdogo wake tu, halafu akishindwa kuendelea.

6

Jioni ile Mama Subilaga alibanwa na kifua, wakampeleka hospitali, akalazwa karibu wiki nzima. Sekela alipopata habari alikaa kitandani kwake akaangalia ukuta. Alikwenda kumwona wodini, akamkuta amekaa, anamfundisha muuguzi wimbo. Daktari alisema moyo haujawa mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa. Alisema pia kwamba ungeweza kuwa, na Sekela hakujidanganya kuhusu hilo.

Aliandika mwenyewe taarifa kwa kampuni, akaeleza alichokisema na kwa nini. Walichukua kibali chake. Ambakisye aliulizwa kama ana malalamiko, akasema hana, lakini kanuni haikujali malalamiko. Sekela akaanza kutengeneza vipaza sauti vya makanisa na kumbi za harusi, kazi isiyohitaji kibali, na kwa mara ya kwanza mikono yake ilipumzika Jumatatu.

Lugano hakuachiwa. Kesi ilipofika mahakamani alihukumiwa kifungo, kifupi kuliko familia za Msolwe zilivyotaka, kirefu kuliko mawakili wake walivyotarajia. Hakukata rufaa. Mama yake alikwenda kumtembelea kama alivyosema, amevaa kile kitenge.

Kabla ya hukumu hiyo, Ambakisye alimpigia simu Sekela. Alijua hana kibali tena, alisema, hamwiti kama fundi. Anamwomba tu aje Mbeya, amwonyeshe kitulizo kinatolewaje, kazi atafanya mwenyewe. Sekela alikwenda. Nyumba ilikuwa nzuri, imejaa viatu vya watoto mlangoni, na kitambaa cha picha kilichukua ukuta mzima wa sebule. Mke wa Ambakisye, Tumaini, aliwapeleka watoto kwa jirani, akabaki jikoni. Hakuwa na uhakika kama anataka, na alisema hivyo wazi.

Sekela alimwelekeza Ambakisye hatua kwa hatua. Mashine ilimwuliza mara tatu kama ana hakika, kila mara kwa maneno mapole zaidi. Mara ya tatu alikawia, kisha akakubali.

Alisema hataki kuangalia habari za siku ile. Alitaka kikao cha tume cha siku ya mwisho, siku waliposoma majina ya waliokufa Msolwe. Mwanzoni Sekela alimweleza kwamba kikao hicho ni kirefu, ni majina na umri tu, hakuna kingine. Ambakisye alisema analijua hilo, akakaa katikati ya kochi.

Msomaji alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu. Alisoma kwa mpangilio wa herufi, bila haraka, na baada ya kila jina alitulia kidogo. Ambakisye alikaa ameinama mbele, viwiko magotini. Msomaji alipofika herufi ya K, Tumaini alitoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga, akasimama mlangoni, akasikiliza majina mawili matatu ya ukoo mmoja, watoto kwa wazazi. Kisha akaja akakaa karibu na mumewe. Sekela aliwaachia rimoti juu ya meza, akaenda zake, na hakuna aliyeigusa mpaka majina yalipokwisha.